Mmoja amenakili, saba wamepewa sifuri: je, chuo cha dini kina haki ya kuwaadhibu wote?

#1 BabaWaWatatu

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili sasa.

Binti yangu anasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kinachomilikiwa na kanisa, hapa hapa Tanzania. Jina la chuo nalihifadhi kwa sababu shauri bado liko mezani. Walipewa kazi ya kikundi ya watu saba, wakagawana sehemu kama ilivyo kawaida, kila mmoja akaandika yake, na siku ya mwisho mmoja wao akaziunganisha na kuzipeleka steshenari kuchapishwa. Mhadhiri alipoipitisha kazi hiyo kwenye programu ya kukagua ufanano, ilibainika kwamba kurasa tatu, zote za mwanakikundi mmoja, zilinyofolewa neno kwa neno kutoka katika tasnifu ya mtu mwingine. Wote saba wamepewa sifuri, na wote saba wameitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Hoja ya kamati ni kwamba katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya kila mmoja alitia saini ahadi inayosema kwamba atakuwa mwaminifu na pia atakuwa mlinzi wa uaminifu wa mwenzake. Wameambiwa kwamba katika chuo cha imani hakuna dhambi ya mtu mmoja pale ambapo wenzake wangeweza kuizuia. Binti yangu analia kwamba hakujua lolote. Zaidi ya hapo, mmoja wa wale saba, anayeishi chumba kimoja na aliyenakili, amekiri kwamba alimwona akizinyofoa kurasa hizo na akanyamaza, na naambiwa kwamba huyo huenda akaadhibiwa kuliko wengine wote.

Nauliza: ni haki kumwadhibu asiyejua? Na yule aliyejua akanyamaza, kosa lake hasa ni lipi?

#2 Mjukuu wa Chifu

Pole, mzee wangu. Hata hivyo, wahenga walikwisha kulijibu swali lako: samaki mmoja akioza, wameoza wote. Hiyo ndiyo maana ya kikundi.

#3 Ngazi ya Tatu

Pole sana, mzee. Wanaoisoma Galatia 6 na kuishia mstari wa 2, unaotuagiza tuchukuliane mizigo, waendelee hadi mstari wa 5, ambapo mtume huyo huyo anasema kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Ezekieli 18 nayo inakataa waziwazi kwamba mwana abebe uovu wa baba, au baba uovu wa mwana. Kamati ya chuo cha kanisa haiwezi kuuchukua mstari mmoja na kuufunika mwingine kwa kiganja.

#4 Mhadhiri Mstaafu

Nimefundisha vyuo vikuu kwa miaka 26, kumi kati ya hiyo nikiwa katika chuo cha kanisa, na nitasimama upande wa kamati ingawa najua sitapendwa.

Kazi ya kikundi hupewa alama moja. Kama kurasa zile tatu zisingegunduliwa na kikundi kikapata alama 85, hakuna hata mmoja kati ya wale saba ambaye angekuja ofisini kuomba apunguziwe kwa sababu kurasa hizo hakuziandika yeye. Anayekubali kugawiwa sifa ya maandishi yasiyo yake amekwisha kukubali kugawiwa na aibu yake. Jina likiwa kwenye jalada, maana yake ni kwamba mwenye jina ameisoma kazi yote na anaisimamia, na hivyo ndivyo ilivyo hata kwa watafiti wanaoandika makala kwa pamoja. Mzee, nakubali kwamba kutojua hupunguza uzito wa kosa. Hata hivyo, kuacha kuisoma kazi yenye jina lako ni uzembe, na uzembe haupaswi kuitwa kutojua.

#5 Mwaloni Kirumba

Nimelelewa katika biashara ya samaki hapa Mwanza, kwa hiyo ndugu wa #2 aniruhusu niseme kidogo kuhusu methali yake. Samaki mmoja akioza katika tenga, hakuna mchuuzi anayelimwaga tenga zima. Hukagua, akamtupa aliyeoza, akawatenga walioguswa na uozo ili wauzwe kwa bei ya chini, na wazima wakaenda sokoni. Methali ile inazungumzia pua ya mnunuzi, ambaye akinusa mmoja huwakataa wote, na kwa hilo chuo kina sababu ya kuogopa, kwa kuwa mwajiri akisikia kwamba chuo fulani cha dini kinatoa shahada za kunyofoa hataulizia nani alinyofoa na nani hakunyofoa. Lakini woga wa chuo juu ya jina lake ni jambo moja, na haki ya binti wa mzee huyu ni jambo jingine.

Mwalimu wa #4 amenigusa kwa hoja ya jalada, maana hata kwetu anayelifunga tenga ndiye anayeulizwa kwa nini hakukagua. Mzee, naomba uulizie: siku ile ya kuunganisha, ni nani aliyeisoma kazi yote kabla haijafungwa?

#6 Usiku wa Mitihani

Shikamoo, Mwalimu wa #4. Nasoma mwaka wa tatu katika chuo kingine, nacho cha dini. Hoja yako ya jalada ingekuwa na nguvu kama kazi za vikundi zingetolewa kwa sababu zinastahili kufanywa kwa pamoja. Darasa letu la somo la lazima lina wanafunzi zaidi ya 400 na mhadhiri mmoja asiye na msaidizi, naye alituambia bila kuficha kwamba ametupanga katika vikundi ili asahihishe kazi 50 badala ya 400. Wengi wetu hatujuani hata kwa sura. Muhula uliopita kikundi chetu cha watu wanane kilikutana mara moja tu, na tukafika watatu, kwa sababu wengine wana ajira na mmoja alikuwa ananyonyesha. Tunaunganishwa ili kazi ya kusahihisha iwe nyepesi, kisha tunahukumiwa kana kwamba tulichanjia udugu.

#7 Mhadhiri Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kuhusu 50 badala ya 400 siwezi kubisha, kwa sababu nami nililifanya hilo kwa miaka mingi, na sikuwahi kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba jina la jalada lina maana niliyoiandika hapo juu. Nilidhani wanaijua.

#8 Bint Mkunazini

Asalaam alaykum nyote. Nilisoma katika chuo kikuu cha Kiislamu, na mabishano haya haya tulikuwa nayo kila mwaka, kwa hiyo naomba niyalete kutoka upande wetu.

Kuna hadithi mashuhuri katika Sahihi Muslim kwamba mwenye kughushi si katika sisi, na ilisemwa sokoni, juu ya mtu aliyeficha nafaka iliyolowa chini na kuweka kavu juu. Aliyechomeka kurasa za mwingine katikati ya kazi ya wenzake amefanya jambo hilo hilo. Hapo hatubishani. Ugumu unaanza kwa yule mwenzake wa chumbani, kwa sababu maandiko yanamvuta kutoka pande mbili. Suratul Baqara, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi na kusema kwamba moyo wa anayeuficha una dhambi. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Nayo Suratu Fatir, aya ya 18, inasema kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mwalimu wetu wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, alikuwa akitenganisha hivi: kwenda kuchungulia daftari la mwenzako ili umkamate ni upelelezi uliokatazwa, kuulizwa kuhusu ulichokiona kwa macho yako ukakikana ni kuficha ushahidi. Kati ya hizo mbili kuna nasaha, yaani kumwambia mwenyewe kwanza, na hiyo ni wajibu. Kwa kipimo hicho, mwenzake wa chumbani hakupeleleza, na alipoulizwa hakuficha. Alichokosa ni nasaha.

Naongeza jambo moja, kwa sababu watu hudhani kwamba kutaja chanzo ni desturi ya Wazungu tuliyoletewa pamoja na vyuo vikuu. Elimu yetu ya msikitini, kuanzia Lamu hadi Unguja, imesimama juu ya isnadi na ijaza: unataja ulipokea kwa nani, naye alipokea kwa nani, na asiye na mlolongo huo hasikilizwi. Wanazuoni wana msemo kwamba katika baraka za elimu ni kuinasibisha na mwenyewe. Anayenyofoa tasnifu ameikata isnadi.

#9 Ngazi ya Tatu

Dada wa #8, umenifundisha. Kwetu, Mathayo 18 inasema karibu hayo hayo: mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, asiposikia chukua mwingine mmoja au wawili, na kanisa linaambiwa mwisho. Lakini haki inanitaka niutaje na mstari unaoipa kamati nguvu, nao ni Mambo ya Walawi 5:1, unaosema kwamba aliye shahidi, akasikia watu wakiapishwa watoe habari, naye asinene, atauchukua uovu wake. Hata hapo mstari unamhusu aliyeona au aliyejua. Binti wa mzee haonekani humo.

#10 Mjukuu wa Chifu

Tunabembeleza mno. Marekani kuna chuo ambacho kanuni yake inasema kwamba mwanafunzi hatasema uongo, hatadanganya, hataiba, wala hatamvumilia anayefanya hayo, na mwaka 1951 waliondolewa wanafunzi wapatao 90 kwa mkupuo. Vyuo vyetu vya dini vijifunze kutoka huko.

#11 Mkazi wa Ng'ambo

Ndugu wa #10, unachokitaja ni West Point, nacho ni chuo cha kijeshi. Hakihusiani na dini. Jeshi linawaandaa watu ambao uongo wa mmoja unaweza kuwaua wenzake vitani, kwa hiyo sina hakika kwamba kipimo chake kinamfaa mwanafunzi wa ualimu.

Kwa kuwa naishi Pennsylvania, nawaletea mfano ulio karibu zaidi na mada. Hapa kuna chuo cha Haverford, kilichoanzishwa mwaka 1833 na Waquaker, ndio wale ambao walifika Kaimosi mwaka 1902 na leo Kenya wanajulikana kama Kanisa la Marafiki. Kanuni yao ya uaminifu iko mikononi mwa wanafunzi wenyewe, ambao huipigia kura kila mwaka ili iendelee kuwepo. Mwanafunzi akiona mwenzake amekiuka, humwendea yeye kwanza na kuzungumza naye, na humtaka ajitaje mwenyewe. Ukilinganisha na Mathayo 18 iliyotajwa hapo juu, hutaona tofauti kubwa. Princeton nako, ambako asili yake ni Wapresbiteri, wanafunzi walianzisha mwaka 1893 utaratibu wa kufanya mitihani bila msimamizi ukumbini, wakijilinda wao kwa wao.

Upande wa pili wa sarafu ni Brigham Young kule Utah, chuo cha Wamormoni. Kanuni yao ya heshima ilianzishwa na wanafunzi mwaka 1949, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa udanganyifu wa mitihani. Baadaye ilitanuka hadi mavazi, nywele na mwenendo wa faragha, na wanafunzi wakazoea kushtakiana ofisini. Mwaka 2016 chuo kililazimika kutamka kwamba anayeripoti kushambuliwa kingono hatachunguzwa kwa kanuni hiyo kuhusu tukio hilo, na Aprili 2019 wanafunzi waliandamana wakitaka ofisi hiyo irekebishwe. Ahadi ya kuwa mlinzi wa mwenzako inaweza kuzaa ya Haverford, na inaweza kuzaa ya Utah. Nadhani tofauti iko katika swali moja: unamwendea nani kwanza, mwenzako au ofisi?

#12 Kitanda cha Juu

Mnazungumza kana kwamba kumwendea mwenzako ni jambo jepesi. Nilisoma shule ya bweni miaka sita, na neno la kwanza nililofundishwa na wakubwa bwenini lilikuwa "mnoko", yaani anayewachongea wenzake. Mnoko hapewi sabuni, hahifadhiwi chakula, na akiugua usiku anajiamkia mwenyewe. Kijana aliyelelewa hivyo kwa miaka sita anaingia chuo kikuu cha dini, anapewa karatasi yenye ahadi ya kumlinda mwenzake, na anaitia saini siku ile ile anayohangaikia chumba, kitambulisho na namba ya malipo ya ada. Mimi niliitia saini karatasi ya namna hiyo bila kuisoma.

Mwaka wa pili nilimwona jirani yangu akipiga chabo kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Nikamwendea baadaye, wawili tu, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Alinijibu kwa upole kwamba amenielewa. Baada ya siku tatu bweni zima lilikuwa likiniita mnoko, ingawa sikuwa nimefika ofisi yoyote, na nilihama chumba kabla muhula haujaisha. Sijutii nilichokifanya. Namwelewa kabisa, hata hivyo, yule mwenzake wa chumbani aliyenyamaza.

#13 Mwana wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Huku kikaratasi cha kuingia nacho mtihanini tunakiita mwakenya, jina lililotokana na vuguvugu la siri la miaka ya 1980 ambalo maandishi yake yalisambazwa kwa kificho, na siku hizi mwakenya umehamia kwenye simu. Lakini tatizo letu kubwa limekuwa jingine: vijana wenye shahada zao, waliokosa kazi, huandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 kuifanya biashara hiyo kuwa kosa. Mimi niliifanya miaka miwili, nikiwa muumini anayeimba kwaya kila Jumapili, na katika muda wote huo hakuna aliyeniambia kwamba ninachangia uongo wa mtu mwingine. Nilijiambia kwamba nauza kazi ya mikono yangu. Kwa hiyo namuuliza ndugu wa #3: furushi la mwanafunzi yule wa London lilikuwa lake peke yake, au nami nilishika upande mmoja?

#14 Ngazi ya Tatu

Ulishika, ndugu yangu, na nadhani unajua. Wewe ulitenda. Aliyenyamaza hakutenda, na asiyejua hakuwepo kabisa. Nashangaa kamati inawaweka wote watatu katika mizani moja.

#15 Msamiati

Ndugu wa #13, biashara hiyo sasa imenyang'anywa na akili unde (AI), kama mnavyoiita huko. Huku kwetu wengi wanasema akili mnemba, na nitawasubiri mpaka mkubali kwamba letu ni tamu zaidi.

Nirudi kwenye mada. Hakuna aliyeigusa lugha. Mtoto wa Kitanzania anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari anahamishiwa Kiingereza, na chuoni anaambiwa aeleze mawazo ya mwanazuoni kwa maneno yake mwenyewe. Ili ueleze kwa maneno yako mwenyewe, lazima uwe na maneno yako mwenyewe. Nilisahihisha kazi za namna zote mbili nikiwa msaidizi wa mhadhiri, na wanafunzi walewale walionyofoa aya nzima kwa Kiingereza waliandika kwa Kiswahili mambo mazuri, marefu, yenye sauti zao. Simtetei aliyenakili. Ninachosema ni kwamba huenda yule kijana wa kurasa tatu alikuwa anaficha aibu ya lugha, na wenzake sita nao walikuwa na aibu hiyo hiyo, ndiyo maana hakuna aliyetaka kuisoma sehemu ya mwingine kwa makini.

#16 Mdaiwa wa Mkopo

Nawaheshimu wote, lakini naona sababu iliyo wazi zaidi haijatajwa. Anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo akiondolewa masomoni, fedha zinasimama na deni linabaki pale pale. Baba ameuza ng'ombe kwa ajili ya ada iliyobaki. Unapomwona mwenzako amekosea, unaiona familia yake nzima nyuma yake, na ndiyo maana watu hunyamaza. Adhabu ikiwa kubwa kupita kiasi, hakuna atakayeripoti, kwa sababu kuripoti kunakuwa kama kumzika mtu. Kama adhabu ya kwanza ingekuwa kuirudia kazi na kupoteza alama kidogo, hata yule wa chumbani angesema mapema.

#17 Bint Mkunazini

Ndugu wa #12, nimekusoma mara mbili. Ulifanya nasaha na ukalipia gharama yake, na sioni chuo, cha dini yako wala yangu, kinachomlinda mtu aliyefanya ulivyofanya wewe. Ahadi inamtaka mwanafunzi amlinde mwenzake. Je, kuna kifungu kinachokitaka chuo kimlinde anayeitii ahadi hiyo? Mzee wa #1, kama unayo nakala, tafadhali tusomee.

Kuhusu adhabu nyepesi, ndugu wa #16, nina wasiwasi. Tulikuwa na utaratibu wa kuirudia kazi, na wengine walinakili makusudi kwa kuwa walijua nafasi ya pili ipo.

#18 BabaWaWatatu

Nawashukuru nyote. Ninayo nakala mkononi. Ni ukurasa mmoja. Kuna kifungu cha uaminifu wa mwanafunzi, cha kumlinda mwenzake, cha kutii viongozi na cha kushiriki ibada. Hakuna panaposema chuo kitamfanyia nini anayeripoti, wala panapoeleza kwamba kazi ya kikundi ni jukumu la wote kwa kila ukurasa.

Habari mpya ni kwamba kijana aliyenakili alikwenda mwenyewe kwa katibu wa kamati juzi, akaandika kwa mkono wake kwamba wengine hawakuhusika. Kamati imeipokea barua, ila imesema kwamba majina saba yako kwenye jalada pamoja na saini saba, na shauri litaendelea kama lilivyo. Ndugu wa Kirumba, nilimuuliza binti swali lako. Hakuna aliyeisoma yote. Aliyeiunganisha alipanga kurasa na kuweka namba tu.

#19 Mwaloni Kirumba

Asante kwa kurudi, mzee. Naomba nikuulize jambo moja zaidi. Hizo saini saba za kwenye jalada zilitiwa kabla ya kazi kuunganishwa au baada yake?

#20 BabaWaWatatu

Nimempigia sasa hivi. Jalada lilichapwa mapema na kupitishwa darasani siku ya Jumatatu ili watie saini kwa kuwa walikuwa wote pamoja. Kazi iliunganishwa Jumatano usiku.

#21 Mhadhiri Mstaafu

Mzee, sitakuficha: hilo linamuumiza binti yako kuliko linavyomsaidia. Ametia saini kazi ambayo ilikuwa haijakuwepo.

#22 Usiku wa Mitihani

Kwa heshima, Mwalimu, mimi naliona kinyume. Saini ya Jumatatu haiwezi kuthibitisha lililoingia Jumatano. Mzee, mwambie binti aiandike tarehe hiyo katika utetezi wake, na kama msimamizi wa darasa lao alikuwepo jalada lilipopitishwa, amwombe naye aandike.

#23 Ngazi ya Tatu

Na yule wa chumbani, mzee, ana mtu wa kumwandikia utetezi?

#24 BabaWaWatatu

Hana. Wazazi wake wako mbali na hawana habari. Nimemwambia binti yangu amlete nyumbani Jumamosi, tuandike barua zote mbili pamoja.